Galaksi Karibu 800,000 Mkononi: Tumeifungua COSMOS2025

Acheni kwanza picha. Najua ndiyo iliyosambaa, na kweli ni ya kuduwaza: giza lililotapakaa dhahabu, buluu na wekundu, kila nukta galaksi, na kila galaksi makao ya mamilioni au mabilioni ya nyota. Lakini mali halisi ambayo wanaanga wa mradi wa COSMOS-Web waliiweka hadharani tarehe 5 Juni 2025 si picha. Ni jedwali! Linaitwa COSMOS2025, lina mistari karibu 800,000, na kila mstari ni galaksi moja iliyopimwa mwangaza, umbo, umbali, uzito wa nyota zake na kasi yake ya kuzaa nyota mpya. Nimelifungua, nimelipekua, nimelichorea grafu, na nasema bila kupepesa macho: sijapata kuona hesabu ya anga inayosisimua kiasi hiki.

Karibu laki nane, ndugu msomaji, na zote zinatoka katika kipande cha anga cha digrii za mraba 0.54 tu. Eneo hilo lingefunikwa na Mwezi mpevu mmoja, wa pili, na sehemu kubwa ya wa tatu, basi. Piga hesabu mwenyewe: nyuma ya eneo la Mwezi mmoja kuna galaksi kama 300,000 zilizoingia katika orodha hii. Ukieneza msongamano huo katika anga yote, unafika galaksi bilioni 60 hivi, na hizo ni zile tu ambazo darubini ya James Webb iliweza kuzinasa kwa muda iliopewa.

Na kipande chenyewe kiko wapi? Hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kufurahi. Kiko karibu kabisa na ikweta ya anga, digrii 2 tu kaskazini mwake, katika kundinyota dogo na hafifu la Sextans, kusini kidogo mwa Asadi, yule Simba wa mbinguni. Kwa mtu wa Kampala, Kisumu au Nairobi, katikati ya Aprili mnamo saa tatu usiku, uwanja huu unapita karibu na utosi. Dar es Salaam na Zanzibar unakuwa umeinama kidogo upande wa kaskazini. Kwa macho hutaona kitu pale, maana nyota hafifu kuliko zote tunazoweza kuziona kwa macho bado ina mwangaza mara milioni 600 hivi ya galaksi za mwisho katika orodha hii. Lakini kujua kwamba ziko pale, juu kabisa ya kichwa, kunabadilisha namna ya kutazama juu.

Kukaa kwake ikweta hakukuwa bahati. Wanaanga waliuchagua uwanja huo ili darubini za kaskazini na za kusini zote ziweze kuufikia. Darubini ya Hubble iliupiga picha kuanzia 2003, digrii 2 za mraba, chini ya uongozi wa Nick Scoville. Tangu hapo darubini nyingine zimepanga foleni: Subaru ya Hawaii, VISTA na VLT za Chile, hata MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye sahani 64 katika nyika ya Karoo, imeupima uwanja huu huu kwa mawimbi ya redio. Ndiyo maana kila mstari wa jedwali umebeba mengi kuliko kazi ya Webb peke yake. Mwangaza wa galaksi umepimwa katika rangi 37, kuanzia karibu na urujuanimno hadi mikromita 8 ndani ya infraredi. Rangi 37 kwa galaksi moja!

Webb yenyewe ilitoa saa 255, mradi mkubwa kuliko yote iliyochaguliwa kwa mwaka wake wa kwanza wa kazi, ukiongozwa na Jeyhan Kartaltepe wa Rochester Institute of Technology na Caitlin Casey wa University of California, Santa Barbara. Kazi ilianza Januari 2023. Darubini ikaelekezwa mara 152, ubavu kwa ubavu, mpaka vipande vikaungana. Ili kuonja ukubwa wake, chukua picha maarufu ya Hubble ya 2004, ile ya anga ya kina iliyotuonyesha galaksi 10,000 hivi. Ukiichapa hiyo kwenye karatasi moja ya A4, picha ya COSMOS-Web kwa kipimo kilekile itataka ukuta wa zaidi ya mita 3 kwa 3.

Data ghafi zilikuwa wazi kwa kila mtu tangu zilipoteremka duniani, lakini data ghafi si picha, na picha si orodha. Kuna michirizi ya kielektroniki, kuna mianga iliyopotea njia ndani ya darubini ikaacha ukungu, kuna madoa ya chembe za kasi zilizopiga kamera. Yote hayo yakasafishwa, kisha kila nukta ikatafutwa kwenye picha iliyounganisha vichujio vyote vinne vya kamera ya NIRCam, ikapimwa kwa programu ya SourceXtractor++, ikakadiriwa umbali kwa programu ya LePhare, na umbo lake likaamuliwa pia kwa ujifunzaji wa mashine. Marko Shuntov wa Copenhagen, pamoja na Hollis Akins na Louise Paquereau, ndio walioibeba orodha hii hadi mwisho. Kazi ya namna hii haipigiwi makofi ya kutosha.

Tuanze na ramani, maana ndiyo mlango. Wametoa ramani ya kuvinjari ambayo unaivuta, unaikuza, unabofya galaksi yoyote, na vipimo vyake vinajitokeza. Nendeni taratibu! Kuna mahali utakuta pete karibu kamili ya mwanga, galaksi ya mbali sana ambayo mwanga wake umepindwa na uzito wa galaksi nyingine iliyosimama mbele yake. Kuna mahali utakuta alama ya nane iliyolala: galaksi mbili zilizogongana zikaacha kila moja pete yake, na kati yao, penye gesi, shimo jeusi kubwa. Pieter van Dokkum wa Yale na Gabriel Brammer wa Copenhagen waliikuta hiyo kwa kupekua picha za uwanja huu, wakaiita Infinity. Nukta ziko karibu 800,000, na nyingi kati yake hakuna binadamu aliyezitazama moja moja kwa jicho lake.

Lakini mimi nilikesha kwenye jedwali. Linakuja katika faili la FITS, lina uzito wake, kwa hiyo tafuta intaneti iliyotulia. Programu ya bure ya TOPCAT, kazi ya Mark Taylor wa Bristol, inalifungua bila kukutaka uandike hata mstari mmoja wa kodi. Halafu chora grafu ambayo wahesabuji wa galaksi wameichora tangu enzi za picha za vioo na kemikali: kwa mlalo weka mwangaza, kutoka mkali hadi hafifu, kwa wima weka idadi. Basi. Hakuna zaidi. Mstari unapanda, unapanda, unapanda, kila hatua ya uhafifu ikileta umati mpya, hadi karibu na daraja la 28 la mwangaza unapopinduka na kuporomoka. Kuporomoka huko si mwisho wa galaksi, ni mwisho wa uwezo wa kifaa, na nitalirudia jambo hilo maana hesabu nzima inasimama juu yake.

Mtu anaweza kuuliza: kuhesabu tu kunafundisha nini? Kunafundisha karibu kila kitu. Chukua ulimwengu uliotulia, usiopanuka, galaksi zimetawanyika sawasawa na hazibadiliki. Katika ulimwengu huo, kila ukishuka daraja moja la mwangaza, yaani ukikubali nukta hafifu mara 2.5 zaidi, jumla ya galaksi inaongezeka karibu mara 4. Ni jiometri tupu, maana kuona mbali zaidi ni kukusanya nafasi kubwa zaidi. Edwin Hubble alijaribu kuitumia mbinu hii katika miaka ya 1930. Sasa pima ulimwengu wetu halisi, uone pale mstari unapokataa kufuata hesabu hiyo. Kila ukaidi ni habari. Katika infraredi ya karibu mstari unalegea kadiri unavyoshuka kwenye uhafifu, kwa sababu anga inapanuka na kufifisha mwanga, na kwa sababu zama zilizopita si nyingi bila kikomo: mwanga umekuwa ukisafiri kwa miaka bilioni 13.8 tu.

Katika infraredi ya kati na ya mbali, mahali ambapo vumbi lililopashwa moto na nyota changa hung'aa, mstari ulifanya kinyume. Ulipanda kwa kasi kuliko inavyowezekana kama galaksi zingekuwa hazibadiliki. IRAS, setilaiti ya Marekani, Uholanzi na Uingereza iliyorushwa Januari 1983 na kufanya kazi miezi 10 hadi heliamu yake ya kupoozea ilipokwisha, ndiyo iliyoanza kuonyesha hivyo. ISO ya Ulaya ikakoleza, na darubini ya anga ya Spitzer ikathibitisha. Maana yake ni moja: zamani galaksi zilikuwa zinazaa nyota kwa kasi ambayo leo hatuioni karibu nasi. Kilele kilikuwa miaka kama bilioni 10 iliyopita. Katikati ya hadithi hiyo, 1996, Jean-Loup Puget na wenzake wa Ufaransa walitambua katika data za setilaiti ya COBE mng'ao hafifu wa infraredi unaotoka pande zote za anga, jumla ya joto la vumbi la galaksi zote tangu mwanzo. Takriban nusu ya mwanga ambao nyota zimewahi kuutoa ulimezwa na vumbi na kutolewa upya katika infraredi. Nusu! Anayehesabu galaksi kwa mwanga wa kawaida peke yake anahesabu nusu ya hadithi.

(Na kama mtu anadhani kuorodhesha anga ni jambo la watu wa mbali, akumbuke kwamba setilaiti ya kwanza kabisa ya kupima anga yote kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikapewa jina Uhuru. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339, na vyanzo hivyo 339 vilifungua taaluma nzima.)

Kwa nini basi Webb, na kwa nini infraredi kwa galaksi za mwanzo kabisa? Kwa sababu ulimwengu unapopanuka unaunyoosha mwanga ulio njiani. Mwanga wa urujuanimno uliotoka kwenye nyota changa za kwanza unatufikia ukiwa infraredi. Kuna alama nzuri mno ya kuzitambua: gesi ya haidrojeni iliyozagaa katika ulimwengu mchanga humeza mwanga wote wenye wimbi fupi kuliko mikromita 0.12 hivi. Mwanga ukinyooshwa mara 11, mpaka huo unahamia mikromita 1.34. Galaksi hiyo katika kichujio cha mikromita 1.15 haipo kabisa, giza tupu. Katika kichujio cha 2.77 inang'aa. Ukinyooshwa mara 15, inapotea hata katika kichujio cha 1.5. Kwa hiyo katika ramani unaweza kuziweka picha nne za mahali pamoja sambamba na kushuhudia galaksi ikichomoza kadiri unavyosogea ndani ya infraredi. Ukiona hivyo kwa mara ya kwanza, mwili unasisimka.

Kioo cha Webb nacho kimebadilisha mchezo wa kuhesabu kwa njia ambayo haisemwi vya kutosha. Kina upana wa mita 6.5, Spitzer ilikuwa na sentimita 85. Katika picha za Spitzer galaksi jirani zilimiminikiana, tatu zikawa doa moja, na ukishindwa kuzitenganisha unakosea mara mbili: unapunguza idadi ya hafifu, na unazua galaksi nene ambayo haipo. Webb, kwa kioo kipana karibu mara 8, imewatenganisha majirani hao. Sehemu ya mapinduzi ya COSMOS2025 ni hiyo tu, kwamba moja sasa ni moja kweli.

Haya, twende mwisho wa mbali wa jedwali, nilikokimbilia mapema kuliko nilivyopaswa. Chagua galaksi ambazo makadirio yanaziweka katika miaka milioni 500 ya kwanza baada ya Mlipuko Mkuu. Kabla ya Webb, nadharia zilisema utakuta chache, tena ndogo na hafifu, kwa kuwa muda haukutosha kukusanya gesi na kuwasha nyota. Kinachoonekana ni umati! Casey amesema wazi kwamba Webb inaona kama mara 10 ya galaksi zilizotarajiwa katika umbali huo. Na ndani ya uwanja huu wa COSMOS ndimo ilimo MoM-z14, galaksi ambayo kundi la Rohan Naidu lilitangaza mwaka 2025 baada ya kuupasua mwanga wake na kupima spektra: tunaiona jinsi ilivyokuwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka milioni 280 tu. Si mshumaa dhaifu hata kidogo, inang'aa kwa nguvu ambayo haikutarajiwa zama hizo.

Wanaanga wanabishana kwa nini, na ni mabishano matamu kuyafuatilia. Huenda galaksi za mwanzo zilizaa nyota kwa milipuko ya ghafla, kwa hiyo tunazinasa zikiwa zimewaka. Huenda zilikuwa hazijapata vumbi la kuzifunika. Huenda gesi nzito ya zama zile iligeuka nyota haraka kabla nyota zilizolipuka hazijapata nafasi ya kuitawanya. Huenda baadhi ya mwanga ni wa mashimo meusi yanayokula. Mimi naegemea milipuko ya ghafla ikisaidiwa na uchache wa vumbi, kwa sababu hayo mawili hayadai fizikia mpya, na orodha pana kama hii ndiyo inayoweza kuyapima: milipuko ya ghafla inapaswa kuacha mchanganyiko wa galaksi zilizowaka na zilizozima wa uzito uleule. Kwa picha ndogo za kina huwezi kulijua hilo. Unataka wingi, na sasa tunao.

Kwa zama za katikati jedwali ni karamu. Galaksi yenye nyota za uzito wa Majua bilioni 1 inanaswa kwa takriban asilimia 80 hata ulimwengu ulipokuwa na umri chini ya miaka nusu bilioni. Na karibu nasi orodha inashuka hadi galaksi za Majua milioni 10. Hiyo ni mara 10 chini ya uzito ambao orodha iliyotangulia, COSMOS2020, iliweza kuufikia. Kwa hiyo unaweza kukata ulimwengu vipande vya zama, kipande kwa kipande, ukahesabu katika kila kimoja ngapi ni nzito, ngapi ni nyepesi, ngapi zinazaa nyota na ngapi zimeacha kabisa. Unaziona galaksi nzito zilizozima mapema mno, huku ndogo zikiendelea kuzaa. Greta Toni na wenzake wametumia uwanja huu kupata makundi ya galaksi karibu 1,700, mengine yakionekana jinsi yalivyokuwa karibu miaka bilioni 12 iliyopita. Majirani wakiwa wameanza kushikamana mapema hivyo!

Sasa yale yanayonisumbua, maana sifa bila kupima ni upofu.

Umbali mwingi humu umekadiriwa kwa rangi, haukupimwa kwa spektra. Makadirio ni mazuri kupita kiasi: yakilinganishwa na galaksi zilizo na spektra, kosa la kawaida la kiwango cha kunyooshwa kwa mwanga ni asilimia 1.2 hivi. Lakini spektra hupatikana kirahisi kwa galaksi zenye mwangaza, na kwenye hafifu kosa linakua. Isitoshe, kati ya kichujio cha 1.5 na cha 2.77 Webb haikupiga chochote katika mradi huu, na katika pengo hilo ndipo galaksi yenye vumbi ya zama za karibu inapoweza kujivika sura ya galaksi ya mbali sana. Si hofu ya bure. Katika uwanja mwingine wa Webb, galaksi CEERS-93316 ilidhaniwa mwanga wake umenyooshwa zaidi ya mara 17. Spektra ilipopatikana, ikawa chini ya mara 6. Ningetamani kichujio kimoja cha ziada pale katikati, hata kama kingepunguza eneo.

Kamera ya MIRI, inayoona mikromita 7.7 na kulifichua vumbi, imefunika digrii za mraba 0.2 tu, si uwanja mzima. Kwa mtu anayependa hesabu za vumbi kama mimi, inauma. Nusu ile ya hadithi niliyoitaja juu inasomwa vizuri katika sehemu tu ya ukurasa.

Kuna pia lile jambo la mstari unaoporomoka. Kabla ya kusema "galaksi ni chache hapa," lazima ujue ni ngapi zilikuwepo ukazikosa. Wataalamu hupanda galaksi bandia ndani ya picha na kuona programu inaokota ngapi, au hulinganisha na picha yenye kina zaidi ya mahali palepale. Namsihi yeyote atakayechora grafu yake asome maelezo ya ukamilifu kwanza, na aheshimu alama zinazosema nukta fulani iko karibu na nyota kali au ukingoni mwa picha. Data hizi zimekuja na maelezo kamili. Zisomwe!

Na bado uwanja ni mmoja. Digrii nusu ya mraba ni kubwa kwa Webb, lakini ulimwengu una mitaa yenye msongamano na mitaa mitupu, na uwanja wa COSMOS unajulikana kwa mitaa yake iliyojaa. Humu ndimo ilimo Hyperion, mkusanyiko mkubwa ajabu ambao Olga Cucciati na wenzake waliutangaza mwaka 2018, unaoonekana jinsi ulivyokuwa ulimwengu ukiwa na miaka bilioni 2.3. Ukihesabu galaksi za zama hizo hapa, lazima ukumbuke umesimama sokoni, si kijijini. Tiba ni upana, na hapo darubini ya Euclid ya Ulaya inaingia: toleo lake la kwanza la Machi 2025 lilikuwa na galaksi milioni 26 katika digrii za mraba 63, na lengo lake ni digrii 14,000. Haioni kina cha Webb, haioni mbali ndani ya infraredi kama Webb. Sioni sababu ya kuzishindanisha. Euclid itatuambia mtaa upi ni wa kawaida, Webb itatuambia nani anaishi ndani yake.

Kwa hiyo je, upakue? Upakue leo! Mwalimu wa fizikia wa sekondari ana hapa somo la muhula mzima. Mwanafunzi wa shahada ana tasnifu. Mpenzi wa anga mwenye kompyuta ya kawaida ana kitu kilekile walicho nacho wanaanga wa Copenhagen na Santa Barbara, safu kwa safu, bila kuomba ruhusa. Anza na kipande kidogo cha jedwali kama mashine yako ni dhaifu. Chora mwangaza dhidi ya idadi. Kisha gawanya kwa zama, uchore tena, uone jinsi umbo la mstari linavyobadilika mkononi mwako.

Na msidhani hesabu imefungwa. Mradi wa COSMOS-3D, ukiongozwa na Koki Kakiichi, umepewa saa 268 za Webb kurudi ndani ya uwanja huu na kuupasua mwanga wa kila kitu kilicho mbele ya kamera kwa wakati mmoja, katika digrii za mraba 0.33, huku MIRI ikipiga sambamba mikromita 10 na 21. Maelfu ya makadirio ya rangi yatapata spektra. Baadhi ya galaksi tunazoziweka leo katika miaka milioni 500 ya kwanza zitathibitishwa, nyingine zitashushwa hadi zama za vumbi, na ile mara 10 ya Casey itabaki, itapungua au itaongezeka. Mimi nimeshaweka alama kwenye zile nyekundu zaidi za sehemu yangu ya uwanja, na nazisubiri moja moja.